Seva ipo Dodoma tu, mbona menyu inachukua dakika nzima?

*"Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi ya ramani kwenye mradi wa misitu, kambi yetu ipo wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Ofisini Dodoma tuna kompyuta ya Linux yenye QGIS, programu yetu ya ramani, na data zetu zote. Huku kambini modemu inashika E tu, mara chache H usiku. Nikiingia kwa ssh -X, ile inayoleta madirisha ya kompyuta ya huko kwenye laptop yangu, na kufungua QGIS, dirisha linachukua kama dakika tano kutokea, na kila menyu ninayobonyeza inakaa karibu dakika nzima. Mtandao ukikatika, programu inakufa na kazi yote inapotea. Mwenzangu mmoja kaniambia niongeze bando, mwingine kasema niweke -C, wa tatu kasema niachane na hayo niweke VNC. Bando nimeongeza, -C nimeweka, hali ni ileile. Na seva ipo Dodoma tu, si Ulaya. Tatizo ni nini, na nifanyeje?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nilipokwama ni pale uliposema "hali ni ileile". Hapo umenirahisishia kazi. Kama shida kubwa ingekuwa wembamba wa njia, -C ingekupa nafuu hata ya kuonjea, kwa sababu kazi yake ni kubana data kabla ya kuzituma. Haikukupa. Basi tutafute mchawi kwingine.

Bando tulimalize haraka. Bando ni kiasi cha maji uliyolipia, halina habari na unene wa bomba. Ukiwa na GB 2 au GB 50, modemu inayoonyesha E inatembea mwendo uleule. Hiyo fedha ungenunulia vocha ya kumpigia mama.

Sasa E yenyewe. Herufi ile ni EDGE, mtandao wa 2G uliotiwa viraka (H ni 3G, yenye kasi zaidi). Kwenye karatasi inafika kilobiti 236 kwa sekunde. Ukiwa kambini, na mnara ukiwa mbali, ukipata 100 shukuru. Kilobiti 100 ni kama kilobaiti 12 kila sekunde. Hazitoshi kwa anasa, lakini zinatosha kutuma maneno ya menyu mara nyingi tu. Maneno ya menyu ya QGIS hayajai hata kilobaiti tano. Kwa hesabu hiyo menyu ingetokea chini ya nusu sekunde, nawe unangoja dakika. Kuna kitu kingine kinachokula muda wako, nacho ni safari.

Mtume mtoto dukani umwambie alete chumvi. Akirudi, mwambie nyanya. Akirudi, mwambie kitunguu. Duka liko dakika kumi kwenda na kurudi, kwa hiyo mboga ya vitu kumi inakula saa nzima na dakika arobaini, ingawa mzigo wote ungeingia kwenye kikapu kimoja. Ukimnunulia kikapu kikubwa zaidi, hujamsaidia lolote. Bando ndiyo kikapu hicho. Hata -C ni kukikunja kitunguu kiwe kidogo mkononi: mtoto bado anakwenda mara kumi.

Ukiingia kwa ssh -X, unayemtuma dukani ni mfumo unaoitwa X. Ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo la 11, hili tunalotumia mpaka leo, likatoka 1987. Waliouunda walikuwa na mashine zilizounganishwa kwa waya ndani ya chuo, ambako swali na jibu vilipishana ndani ya milisekunde moja au mbili. Kwa hiyo hawakuona ubaya programu ikiuliza maswali mengi. Na kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu: katika X, seva ni laptop yako. Wewe ndiye mwenye skrini, kibodi na kipanya, kwa hiyo wewe ndiye unayehudumia. QGIS iliyoko Dodoma ndiyo mteja, nayo ni mteja mwenye maswali kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

Kabla haijajichora inauliza. Skrini yako ina upana gani? Rangi hii unayo? Jina hili la sifa ya dirisha unalitambua kwa namba gani? Ubao wa kunakilia una nani sasa hivi? Mengi ya maswali hayo yanataka jibu kwanza ndipo lifuatalo liulizwe. Chukua mfano wa maswali 600, na kila moja likitumia nusu sekunde kwenda Katavi na kurudi Dodoma: hizo ni sekunde 300. Dakika tano zako ndizo hizo, na njia muda mwingi ilikuwa tupu, mtoto yuko barabarani mikono mitupu.

Hili si wazo langu. Mwaka 2003 Keith Packard na Jim Gettys, watu walioijenga X kwa mikono yao, waliketi wakaipima kwenye njia za polepole, wakakuta kwamba kinachotawala ni muda wa kwenda na kurudi. Kulikuwa na nyongeza ya X iliyotengenezwa miaka ya tisini mahsusi kwa ajili ya modemu, ikiitwa LBX. Walipoipima waliona haina faida ya kutosha kuihangaikia. Ukikuta makala ya zamani inakushauri uiweke, ipite.

Sasa lile la "Dodoma tu". Nalielewa, maana miaka mingi tulizoea kwamba mbali ndiko kubaya. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje ilipanda setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu, na kupanda na kushuka huko kwenda na kurudi kulimeza zaidi ya nusu sekunde. Ulaya ilikuwa mbali kweli. Lakini ndani ya nyuzi za kioo mwanga unakata kilomita 1,000 kwa milisekunde tano. Umbali wa Dodoma haukuumizi. Nusu sekunde yako inaliwa karibu yote kati ya modemu na mnara. Kwenye 2G modemu haisemi ovyo: ikiwa na kitu cha kutuma inaomba nafasi kwanza, mnara unaipangia zamu, inatuma, kisha ikinyamaza kidogo nafasi inachukuliwa. Ukibonyeza tena, inaomba upya. Mfumo wa namna hiyo unafaa mzigo mmoja mkubwa, na unateseka na vipande vidogovidogo vya maswali. X ni vipande vidogovidogo vitupu. Hata ungeihamishia seva hapo Mpanda mjini, usingeona tofauti kubwa.

Tena, modemu yako ya USB, kama ni ya kizamani, bado inapiga namba kama simu: *99#. Angalia kumbukumbu za mfumo utaiona. Ndiyo maana nasema wewe na mimi tuna ugonjwa mmoja. Mwaka 2004 nilikuwa na modemu ya kilobiti 56 kwenye simu ya mezani, ile ya kulia kama jogoo aliyekabwa, na nililipa kwa dakika. Nikafungua programu ya ofisini kwa ssh -X. Menyu ilianza kuchora fremu, kisha ikabaki kijivu, kisha maneno yakashuka mstari kwa mstari. Nikadhani haikunisikia, nikabonyeza tena. Na tena. Baada ya kama nusu dakika mibonyezo yote mitatu ikafika kwa pamoja: wa kwanza ukafungua menyu, wa pili ukachagua kilichokuwa chini ya kipanya, na wa tatu ukaangukia kwenye "Sawa" ya dirisha lililouliza kama nina hakika nataka kufuta. Nilikuwa na hakika, kwa mujibu wa kompyuta. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, jizoeze hili: bonyeza mara moja, toa mkono kwenye kipanya. Mibonyezo haipotei, inapanga foleni. Na panapowezekana tumia kibodi, kwa sababu kila kipanya kinapopita juu ya kitufe kitufe kinabadilika rangi, na rangi hiyo nayo ni safari.

Tuje kwenye dawa. Mwenzako wa VNC hajakosea, ila amekupa jina la dawa bila dozi.

VNC inafanya kinyume cha X. Maswali yote ya QGIS yanajibiwa palepale Dodoma, na skrini ambayo haipo mahali inachorwa ndani ya kumbukumbu ya seva. Kinachokuja kwako ni picha ya sehemu zilizobadilika tu. Maswali 600 hayasafiri tena. Zaidi ya hapo, mtandao ukikatika programu haifi: inaendelea kukaa Dodoma, ukirudi unaikuta ulipoiacha, hata kishale kikiwa katikati ya neno. Kwa mtu wa E, hilo tu linatosha kuiacha ssh -X leo hii. Kwenye X tupu, kukatika kwa ssh ni kifo cha programu, na hakuna mipangilio itakayobadilisha hilo.

Ubaya wa VNC ni kwamba sasa wembamba wa njia unaanza kuuma kweli. Skrini ya pikseli 1024 kwa 768 yenye rangi kamili ni kama megabaiti 2.4 kabla ya kubanwa. Kwa kilobaiti 12 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika tatu. Ikibanwa vizuri, na skrini ikiwa na maeneo mapana ya rangi moja, inashuka mpaka makumi ya kilobaiti. Ikiwa nyuma kuna picha ya setilaiti, haishuki. Hapo ndipo wengi wanapojaribu VNC, wanaikuta nzito, wanarudi kulia.

Dozi yenyewe kwenye TigerVNC, mojawapo ya programu za VNC: zima uchaguzi wa kujiendesha, chagua usimbaji wa Tight, shusha ubora wa picha, panda mbano hadi mwisho, na kama bado ni nzito kubali rangi 256. Tengeneza skrini ndogo tangu mwanzo, `vncserver -geometry 1024x768`, usije ukaleta skrini kubwa halafu ukaipunguza upande wako. Kwenye seva tumia meza nyepesi kama XFCE, mandharinyuma ya rangi moja, bila vivuli, bila madirisha yanayoteleza. Ndani ya QGIS, chini kulia, kuna kisanduku cha kuruhusu ramani ijichore. Kitoe alama wakati unapanga tabaka zako, kirudishe ukiwa tayari kuangalia. Na ondoa ramani ya nyuma ya setilaiti. Mistari na maeneo ya misitu peke yake yanabanika vizuri sana.

Mimi hata hivyo, kwa hali yako, ningeanza na X2Go. Inatumia teknolojia ya NX, iliyotoka kwa kampuni ya NoMachine mwaka 2003 kwa ajili ya modemu hasa. Inaweka wakala Dodoma anayejifanya ndiye skrini. QGIS inamuuliza yeye, anaijibu palepale, na kwako yanakuja maagizo ya kuchora yaliyobanwa, pamoja na akiba ya vile vilivyokwisha kuchorwa ili visirudiwe. Ukikata, kikao kinasinzia, ukirudi kinaamka. Inapita ndani ya ssh, kwa hiyo kama ssh inakubali huhitaji mlango mwingine wowote. Na kwenye mipangilio yake ya kasi, kando ya LAN na ADSL, utakuta bado kuna chaguo lililoandikwa Modem. Lichague bila aibu.

Nisikudanganye lakini. Muujiza wa NX ulikuwa mkubwa zaidi zamani, programu zilipokuwa zikimwambia X "chora mstari hapa, andika neno hili pale". Programu za sasa zinajichorea zenyewe kila kitu na kutuma picha iliyokwisha kuiva, na picha ni picha. Menyu na madirisha ya QGIS yatachangamka. Ramani yenyewe itakuja kwa mwendo wa VNC. Jaribu zote mbili kwa siku moja kila moja. Kama ofisini kwenu kuna mashine ya Windows, RDP yake, njia ya Windows ya kuingia ukiwa mbali, nayo inavumilia njia mbovu kuliko X, na mpaka leo ukifungua mipangilio yake utakuta chaguo la modemu ya kilobiti 56.

Kabla ya yote hayo, nipimie kitu. Andika `ping -c 20` na jina la seva, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, usifungue kitu kingine, uone wastani. Kisha anza kupakua faili lolote na upime tena. Ikipanda kutoka milisekunde 500 hadi 4,000, foleni imejaa kwenye modemu, na mara nyingi anayeijaza si wewe. Waulize wenzako kambini. Hotspot moja, simu sita, kila moja inajipakulia video za kikundi cha harusi na masasisho ya programu. Nimeona kambi ambako dawa yote ilikuwa kubadilisha nywila ya hotspot.

Kwenye faili la mipangilio ya ssh weka `ServerAliveInterval 30` na `ServerAliveCountMax 10`. Ya kwanza inazuia mtandao wa simu kukata mawasiliano yaliyonyamaza; ya pili inaipa ssh subira ya dakika tano kabla ya kukata tamaa, badala ya dakika moja na nusu. Ni mistari miwili tu, lakini ukikaa chini ya mnara mbovu utaiombea dua.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo mimi ningekuuliza kama tungekuwa tumekaa pamoja: kwa nini unaifungua QGIS ya Dodoma kabisa? Kama ni kwa sababu data ziko huko, usizifuate zote, leta kipande. Ingia kwa ssh ya maandishi tu, isiyo na X, kisha kwa `ogr2ogr` na chaguo la `-spat` kata eneo lako peke yake kwenye faili la GeoPackage. Faili la megabaiti 5 linakuja kwa dakika saba, mara moja, kwa `rsync -z --partial`, na likikatika njiani linaendelea lilipoishia. Baada ya hapo QGIS inafanya kazi kwenye laptop yako hata mnara ukilala. Jioni unarudisha mabadiliko. Ila mkubaliane mapema nani anahariri tabaka gani, la sivyo mtaharibiana kazi.

Na kama unaifuata seva kwa nguvu zake, hesabu nzito hazihitaji dirisha hata kidogo. QGIS za siku hizi zina `qgis_process`, inayoendesha zana zilezile kwa amri ya maandishi. Ianzishe ndani ya `tmux`, inayoiacha kazi iendelee hata ukikatika, ondoka, nenda msituni, rudi jioni uone matokeo. Kwa kuandika amri, mosh, njia nyingine ya kuingia kwenye seva kwa maandishi, ni rafiki kuliko ssh: inakuonyesha herufi zako papo hapo bila kungoja Dodoma ijibu, na haikatiki hata modemu ikibadilisha anwani. Mosh haipitishi picha, kwa hiyo usiitafutie QGIS.

Kwangu mimi, mgawanyo unaofaa ni huu: robo tatu ya kazi ifanyike kambini kwenye nakala, hesabu nzito kwa maandishi Dodoma, na X2Go ibaki kwa yale machache yasiyowezekana kwa njia nyingine. Utaifungua mara mbili tatu kwa wiki, na hutaichukia.

Kuna mambo ambayo sitakuelekeza kwa maandishi. Kuweka X2Go au VNC kwenye seva kunahitaji mwenye ruhusa ya utawala, na hiyo ni kazi ya msimamizi wa mashine hapo ofisini. Usimzunguke. Zaidi sana, asije mtu akakushauri kufungua mlango wa 5901 wa VNC au 3389 wa RDP wazi kwenye intaneti ili mambo yawe rahisi. Milango hiyo inabishwa hodi na wezi usiku na mchana. VNC ipitishe ndani ya ssh, `ssh -L 5901:localhost:5901`, na ssh yenyewe itumie funguo badala ya nywila. Kama msimamizi hajui hayo, mtafute anayejua akae naye ana kwa ana.

Na kama ping yako ikiwa peke yake, bila mzigo wowote, inazidi sekunde moja, au katika pakiti 20 zinapotea mbili au zaidi, acha kuhangaika na programu. Hapo anahitajika fundi wa antena aje kambini na ngazi. Antena ya nje juu ya mlingoti, iliyoelekezwa kwenye mnara sahihi, inaweza kuigeuza ile H ya usiku ikawa ya mchana kutwa. Kabla hajaja, pandisha modemu juu ya mti kwa waya mrefu wa USB uone herufi inabadilika au la. Atakushukuru kwa kumpunguzia kazi.

Safari yako ijayo ya Dodoma, mpe msimamizi jina moja la kifurushi: `x2goserver`. Wakati yeye anakiweka, wewe chomeka diski ya nje unakili data za kanda yako nzima, pamoja na zile picha za setilaiti. Hizo za setilaiti usijaribu kuzivuta kwa E hata siku moja.